Friji Niliyoizima

Mwenyekiti, naomba nikae. Najua watu husimama wakitoa ushuhuda, lakini haya nimeyabeba miezi mingi na magoti yangu siku hizi hayana adabu. Asante. Basi Mungu apewe sifa yake kwanza, kabla sijaanza kujitia aibu. Naona mmeitikia vizuri. Tutaona mwishoni kama mtaendelea kunitazama hivyohivyo.

Sitataja jina la mtu. Mimi mnanijua, ni yule mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi pale barabarani, kilichofungwa mkawa mnaulizana nimehamia wapi. Sikuhamia. Nilikuwa hapahapa Mkolani, nimejifungia ndani na kompyuta. Na mama yangu mzazi, yule pale karibu na dirisha mwenye kitenge cha kijani, alikuwa ndani pamoja nami. Nimemwomba ruhusa niseme. Amenijibu, "Sema, lakini usilie, utawachosha watu." Nitajitahidi.

Mama alikuja kutoka Muleba kwa sababu ya macho. Ana ugonjwa ule tunaouita presha ya macho. Kwake hauumi, na hapo ndipo ulipotupatia. Unakula uwezo wa kuona polepole, unaanzia pembeni, na ulichokula hakirudi. Daktari alitupa masharti mawili tu. Kwanza, matone ya dawa asubuhi na jioni bila kukosa, na chupa zikae kwenye friji, maana nyumba zetu hizi za bati mchana ni tanuri. Pili, kila tarehe ya kliniki apelekwe akapimwe. Halafu akanigeukia mimi, si mama, akasema, "Haya macho yako mikononi mwako, dada." Nikajibu ndiyo daktari, tena kwa sauti kubwa, mimi ni mtu wa kujiamini.

Sasa hiyo kompyuta. Kuna mwenzangu tuliyesoma naye uhazili, alinipigia simu akaniambia, "Wewe bado unahangaika na fotokopi? Watu wanachimba sarafu za mtandaoni wamekaa sebuleni kwao." Wazee wangu, nitaeleza kwa kifupi msije mkapotea. Ni pesa isiyoshikika, ipo mtandaoni tu. Kompyuta yako inafanya mahesabu mazito kutwa kucha bila kupumzika, na kwa kazi hiyo unapewa vijipande vya sarafu. Ikisimama, hupati kitu. Mama aliponiuliza kazi yangu mpya ni ipi, nikamwambia nachimba. Akaniuliza, "Shimo liko wapi?" Nilicheka mpaka machozi. Siku hizo nilikuwa bado nacheka.

Nikauza mashine ya fotokopi, nikafunga kibanda, nikanunua kompyuta ya mezani yenye nguvu, na ndani yake kadi kubwa ya picha, maana hiyo kadi ndiyo inayofanya yale mahesabu. Nikaiweka sebuleni, kwenye kona, katikati ya kabati la vyombo na ukuta. Dirisha nikalifunga, kwa sababu ya vumbi la barabara yetu na wale wadudu wa ziwani wakija kama moshi. Na ndugu zangu, mnajua nyumba zetu zilivyo. Kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, makochi yana vyao, chupa ya chai nayo imevikwa. Mimi niiache mashine iliyokula kibanda changu ikae uchi? Nikamwambia mama, "Nifumie kitambaa, mama. Kiwe kizito, vumbi lisipite. Kishuke mpaka chini, mbele na nyuma."

Mama alikifuma wiki tatu, kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Uzi mweupe, pindo jekundu. Akikosea anapapasa, anafumua, anaanza tena. Alipomaliza nikaivika mashine kama bibi harusi, nikapiga picha, nikamtumia mwenzangu yule. Akanijibu kwa vidole gumba vitatu.

Ilichimba siku ya kwanza vizuri. Siku ya pili, ikaganda.

Kuganda ni hivi: kioo kinabaki vilevile kilivyokuwa, mshale hausogei, ukibonyeza chochote hakijibu, na ndani feni inavuma kama inataka kuruka. Huna la kufanya isipokuwa kushikilia kitufe cha kuzimia mpaka ife. Unasubiri. Unaiwasha. Inachimba saa moja, wakati mwingine mbili, inaganda tena. Na ikiganda mimi moyo unaniruka, maana kila dakika iliyosimama ni kazi iliyopotea. Nikawa nakaa mbele yake kama mtu anayeuguza. Chakula napakuliwa na mama, yeye asiyeona vizuri ananitengea mimi mwenye macho mawili mazima.

Nikaanza kutafuta mchawi. Kwanza nikasema ni virusi vya kompyuta. Nikaibeba kwa bajaji mpaka mjini Nyamagana kwa fundi mmoja. Kitambaa nilikikunja nikakiacha nyumbani, kisije kikachafuka. Fundi akaifungua ubavu, akaisafisha programu zote, akaiwasha pale mezani kwake, feni ya ukutani inapuliza, ikachimba kuanzia asubuhi mpaka anafunga duka. Haikuganda hata mara moja. Akaniambia, "Dada, mashine yako nzima." Nikairudisha nyumbani, nikaivika, nikaiwasha. Kabla sijamaliza chai, imeganda.

Mnaona? Kila kitu kilikuwa mbele yangu, lakini mtu mwenye kiburi haoni. Nikajisemea, kama kule inafanya kazi na hapa haifanyi, basi ubaya uko kwenye nyumba. Nikamgeukia jirani yetu anayechomelea mageti, nikamwendea na mikono kiunoni, nikamwambia anachezea umeme wa mtaa mzima na cheche zake. "Mama, leo sijawasha mashine tangu asubuhi," akasema baba wa watu. Nikamwambia asinifanye mjinga. Tulikaa muda mrefu bila kusalimiana, na aliyekata salamu ni mimi.

Halafu ikaja siku ya friji. Nilikuwa nimekaa naikodolea macho kompyuta, friji kule jikoni ikanguruma, ile ngurumo yake ya kuanza kazi, na papo hapo kioo kikaganda. Nikaruka kutoka kwenye kiti. Nikasema, nimekukamata! Nikaenda nikachomoa waya wa friji ukutani, nikaiwasha mashine, na siku hiyo kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na kuna ubaridi, ilichimba saa nyingi. Nikaona nimegundua dawa. Friji nikaiacha imezimwa, nikahifadhia unga na sukari humo.

Na dawa ya mama ilikuwa humo. Chupa tatu, ndani ya mkebe wa plastiki, kwenye mlango wa friji.

Ningependa kuwaambia kwamba nilisahau. Siku za mwanzo nilisahau kweli. Lakini jioni moja mama alichukua chupa, akaigusisha shavuni, akasema, "Mwanangu, dawa imekuwa vuguvugu." Nikamjibu bila hata kugeuza shingo, "Friji inapumzika, mama. Itawashwa." Kwa hiyo nilijua. Tangu jioni ile nilijua, na haikuwashwa. Nataka mlisikie hilo vizuri, kwa sababu nimechoka kupewa pole kama mtu aliyepatwa na bahati mbaya.

Ikafika tarehe ya kliniki. Mama aliamka mapema, akaoga, akavaa gauni lake la Jumapili, akajifunga kilemba, akakaa ukingoni mwa kochi na kadi yake ya hospitali kwenye mfuko wa nailoni. Mimi kompyuta ilikuwa inachimba vizuri siku hiyo, na nikawaza, nikitoka ikaganda, nani ataiwasha? Mama haioni. Nikamwambia, "Mama, twende wiki ijayo." Akasema sawa. Akakaa palepale mpaka mchana, kadi iko mapajani, kama vile ningeweza kubadili mawazo. Wiki iliyofuata akavaa tena, nikamwambia tena. Ya tatu hakuvaa. Wala hakuniuliza. Alibaki na khanga ya nyumbani, akachambua mchele kwa vidole.

Mawe, mama wee! Nikikumbuka ule mchele.

Mama ni mtu wa kushika. Asichokiona anakipapasa. Siku moja alipita karibu na ile kona akaweka kiganja juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe, akakiacha hapo kidogo, jinsi alivyokuwa akitushika paji la uso tukiwa watoto. Akasema, "Mwanangu, hiki kitu kina homa. Kivue nguo."

Na mimi, niliyesoma uhazili, niliyezunguka kwa fundi mjini, niliyegombana na jirani, mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mama, usiguse kitu usichokijua!" Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia mama kelele tangu nizaliwe. Na saa hiyohiyo, ndugu zangu, kama vile mashine nayo ilinisikia, kioo kikaganda.

Mama akaondoa mkono, akageuka aende chumbani. Mlango wa korido uko upande wa kushoto, umekuwa upande huo tangu nyumba ijengwe. Aliugonga ukingo kwa bega kama mtu aliyekutana na ukuta gizani, na ilikuwa saa nane mchana. Akayumba, akaanguka, kichwa kikapiga sakafu ya saruji. Niliusikia ule mlio.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ilipo toba yangu. Mama yuko sakafuni. Mashine imeganda. Mimi nimesimama katikati. Na mkono wangu, huu wa kulia, ulibonyeza kwanza kile kitufe. Nikakishikilia mpaka mashine ikazimika. Nikabonyeza tena iwake. Ndipo nikaenda kwa mama.

Ni sekunde chache tu. Nimeshaambiwa na padre, nimeshaambiwa na dada zangu, ni sekunde chache, zisingebadilisha kitu. Mimi sijui kuhusu kubadilisha. Najua nilichagua, na mama alikuwa ananisikia.

Nilipomwinua akasema, "Mbona mlango umehama?" Nikapitisha mkono wangu upande wake wa kushoto, karibu kabisa na uso. Hakupepesa. Nikaupitisha tena. Hakupepesa. Nikatoka nje nikipiga kelele, na wa kwanza kuruka uzio alikuwa yule jirani wa mageti niliyemkatia salamu. Alimbeba mama mikononi, akasimamisha bajaji, akapanda nasi mpaka hospitali na ovaroli lake la kazi, na njia nzima anamwambia mama, "Shikamoo bibi, usilale, niambie habari za Muleba." Na mama anaitikia marahaba, anamweleza habari za migomba.

Daktari alimpima muda mrefu. Alipomaliza akavua miwani yake, nikajua. Akasema jicho la kushoto limekwisha. Si kwamba linaumwa, limekwisha, hakuna upasuaji wala dawa ya kulirudisha. La kulia limebaki na sehemu, na hiyo sehemu inaweza kuokolewa tukifuata masharti. Nilimwuliza, ni kuanguka? Akasema hapana, kuanguka hakujafanya kitu zaidi ya uvimbe. Hili la jicho limekuja taratibu, miezi kadhaa. Halafu akauliza, "Dawa mlikuwa mnahifadhi wapi?"

Na mama, na uvimbe wake juu ya nyusi, akajibu kabla yangu. "Kwenye friji, daktari."

Hakusema uongo. Ilikuwa kwenye friji.

Daktari akaandika. Mimi nilitoka nikaenda nyuma ya jengo wanapofulia mashuka, nikakaa chini kwenye maji. Siwezi kuwaeleza nilitamani nini. Nilitamani anichape. Nilitamani amwambie daktari yote, niitwe mbele ya manesi nisemwe. Kunifichia kule ndiko kulikoniua. Mpaka leo sijapata namna ya kumwomba msamaha ikafika mahali inapotakiwa, kwa sababu kila nikianza ananiambia, "Nimeshasikia, lete chai."

Tuliporudi nyumbani kitu cha kwanza nilichofanya ni kutoa unga na sukari, nikachomeka friji. Ikanguruma. Cha pili, nikamwita yule fundi wa mjini aje kuichukua kompyuta, ilikuwa bado inawaka, sikutaka kuiona. Alipoingia sebuleni akasimama. Akasema, "Dada, nani ameivika hivi?" Akakinyanyua kile kitambaa. Kwa nyuma, pale mashine inapotolea joto, uzi ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Akanishika mkono akaniwekea pale. Moto! Akaniambia, "Hii haina ugonjwa wowote. Inakosa hewa. Ikizidiwa na joto inasimama. Hukuwahi kuigusa?"

Hukuwahi kuigusa. Mama aliigusa.

Akafungua dirisha, akaisogeza kutoka kwenye kona, akaizima, akapuliza vumbi, akaiwasha upya ili ahakikishe kabla ya kuibeba. Ikachimba mchana kutwa bila kuganda, ndugu zangu, friji inanguruma jikoni na jirani anachomelea nje. Nilikaa kibarazani mgongo nimeupa mlango. Nilichovuna kwa miezi yote ile hakikufikia hata kiwango cha chini cha kuruhusiwa kukitoa mtandaoni. Kipo hukohuko mpaka leo, sikifuati.

Mtaniuliza nimeponaje. Sijui kama nimepona. Kuna asubuhi naamka mzima, halafu namwona mama anazungusha kichwa chote ili anione nikiwa kushoto kwake, na siku inaishia hapo. Nimeajiriwa sasa na mwenye duka la kuchapa kule mjini, nachapa barua za watu. Jicho la kulia lilipimwa juzi, halijashuka. Halijashuka! Nesi aliponiambia nilimkumbatia mpaka akacheka. Hiyo ndiyo furaha yangu yote, na naihesabu kuwa kubwa.

Nimshukuru jirani yangu. Si wa kanisa letu, Ijumaa anaswali msikiti wa pale chini, kwa hiyo hayupo hapa, lakini mkikutana naye mwambieni nimemtaja. Nilipokwenda kumwomba radhi alinikatiza akaniuliza, "Bibi ameamkaje?" Niwashukuru akina mama wa jumuiya hii, mliopangana zamu za kumpeleka mama kliniki wiki zile nilipokuwa siwezi hata kushika kijiko, na hamkuniuliza maswali. Nimshukuru fundi, aliyekataa ujira wa siku ile. Na mama mwenye nyumba hii, umenifanyia jambo dogo leo bila kujua uzito wake, nitalisema sasa hivi.

La kuwafundisha sina kubwa. Mimi si wa kuwaambia msinunue kompyuta, nunueni. Nawaambia tu, kama nyumbani kwako kuna mtu anayekwambia kitu kina moto, nenda ukakiguse. Hata kama hajasoma. Hata kama haoni. Inuka kwenye kiti ukaguse, ni hatua mbili. Mimi hatua mbili zilinishinda, na mama yangu amelipa kwa jicho.

Naona mwanga umeanza kupungua. Mwenyekiti, nilikuwa na mengine lakini nayaacha, saa ya dawa imefika. Mama mwenye nyumba, ile chupa niliyokuomba uniwekee kwenye friji yako tulipoingia, naomba uniletee. Asante. Mungu akubariki.

Nipisheni kidogo nipite. Mama, ni mimi. Nimekuja upande wako wa kulia. Hii hapa.

Mnaona? Anaiweka shavuni kwanza. Asubuhi na jioni, tangu siku ile, hajawahi kuacha, na sijawahi kumwambia aache.

Ya baridi, mama? Haya. Inua uso.